Mali Bila Daftari: Ruzuku ya Kilimo na Haki ya Kumjua Anayeipokea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya viongozi wa vijiji na vyama vya ushirika)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi huutumia msemo huu wanapozungumza juu ya duka au chama cha ushirika, na huutumia vizuri. Lakini msemo huo una upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Daftari laweza kuwapo, likaandikwa kwa wino mzuri na kupigwa mihuri yote inayotakiwa, kisha likafungiwa kabatini na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mwenye mali asiporuhusiwa kulifungua, hali yake haina tofauti na ya yule ambaye hana daftari kabisa. Mali yake itapotea na habari hatazipata.

Mazungumzo haya yanahusu daftari la namna hiyo, yaani orodha ya watu wanaopokea ruzuku ya kilimo. Swali lenyewe ni fupi. Serikali inapotoa fedha ya umma ili kumsaidia mkulima, je, umma una haki ya kujua mkulima huyo ni nani, amepewa kiasi gani, na kwa sababu gani?

Kabla ya kujibu, inafaa kukumbuka ruzuku inatoka wapi. Serikali haina shamba lake la fedha. Shilingi inayopunguza bei ya mfuko wa mbolea imetoka kwa mama aliyenunua sabuni dukani, kwa mfanyakazi aliyekatwa kodi katika mshahara wake, na kwa mkulima mwenyewe aliponunua mafuta ya taa. Ama imekopwa, na mkopo huo utalipwa na watu hao hao au watoto wao. Kwa hiyo ruzuku haiwezi kuitwa zawadi ya ofisi. Ni mchango wa wengi uliokabidhiwa kwa wachache kwa makusudi maalumu, na mchangaji yeyote, hata wa harusi, huona ni haki yake kuuliza mchango umetumikaje.

Ili jambo hili lionekane wazi, inafaa litazamwe kwanza huko Ulaya, ambako ruzuku ya kilimo imekuwa kubwa na ya muda mrefu, na ambako vita ya kulifungua daftari ilipiganwa mbele ya macho ya dunia.

Mwaka 1957 nchi sita za Ulaya Magharibi zilitia saini Mkataba wa Roma, na mwaka 1962 sera yao ya pamoja ya kilimo ikaanza kazi. Nia yake haikuwa mbaya. Wazee wa Ulaya walikuwa wameonja njaa wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka iliyofuata, na mtu aliyewahi kula kwa kadi ya mgao hahitaji kufundishwa thamani ya ghala. Serikali ziliahidi kwamba mkulima atapata bei ya kutegemewa na mlaji atapata chakula. Mwanzoni msaada ulipitia katika bei yenyewe. Mazao yakazidi mahitaji, siagi ikarundikana maghalani kama milima, na divai ikakosa wanywaji. Kwa mageuzi ya mwaka 1992, sehemu kubwa ya msaada iligeuzwa ikawa malipo ya moja kwa moja kwa mkulima, na mageuzi ya mwaka 2003 yakayatenganisha malipo mengi na wingi wa mazao, hata ikawa kipimo kikubwa ni ukubwa wa ardhi.

Fedha hizo si kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilimo kilikula karibu theluthi mbili ya bajeti yote ya Jumuiya ya Ulaya. Fungu hilo limepungua tangu wakati huo, lakini katika mpango wa miaka ya 2021 hadi 2027 limetengewa Euro zipatazo bilioni 387, ambazo ni karibu theluthi moja ya bajeti ya Umoja wa Ulaya.

Hapo ndipo penye fundo. Fedha ikifuata ekari, mwenye ekari nyingi atapata nyingi na mwenye chache atapata chache. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Takwimu za Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya yenyewe zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kama asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Lakini kila bajeti ilipojadiliwa, picha iliyowekwa mbele ya wananchi ilikuwa ya mzee mwenye ng'ombe kumi katika shamba la mlimani, anayeamka alfajiri kukamua maziwa. Mzee huyo yupo kweli, na shida zake ni za kweli. Ila jina lake ndilo lililotumika kuombea fedha, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaenda kwingine.

Wananchi wa Ulaya wangelijuaje jambo hilo? Kwa miaka zaidi ya 40 majina ya wapokeaji yalikuwa siri katika nchi nyingi. Jumla zilitangazwa, wastani ulitangazwa, na ripoti zilichapishwa kwa lugha zote za Jumuiya. Lakini jumla haina jina, na wastani huweza kumficha kabaila nyuma ya mgongo wa mkulima mdogo. Ukichukua mtu mwenye Euro milioni moja ukamweka pamoja na watu 99 wasio na kitu, wastani utasema kwamba kila mmoja wao ana Euro 10,000.

Mwaka 2004 waandishi wa habari wa Denmark waliitumia sheria ya nchi yao ya haki ya kupata habari wakadai orodha, na wakaipata. Uingereza, sheria ya namna hiyo ilianza kutumika rasmi Januari 2005, na ilipofika Machi mwaka huo huo orodha ya wapokeaji ikatolewa. Waandishi wa nchi mbalimbali waliunganisha nguvu, wakadai madaftari ya nchi moja baada ya nyingine, na kuyaweka pamoja ili mwananchi yeyote aweze kuyasoma.

Yaliyoonekana yaliwashangaza wengi. Katika orodha ya Uingereza walikuwamo Malkia Elizabeth wa Pili, mwanawe Charles, na Duke wa Westminster, mmoja wa mamwinyi wakubwa wa ardhi nchini humo. Kampuni ya sukari ya Tate & Lyle ilikuwamo pia, kwa mamilioni mengi ya pauni, hasa kwa sababu ya fedha zilizolipwa kusaidia kuuza sukari nje ya Ulaya. Uholanzi ikafahamika kwamba Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Cees Veerman, alikuwa miongoni mwa wapokeaji kwa ajili ya mashamba yake. Jambo hili la sukari liliwagusa hata wakulima wa mbali na Ulaya, kwa kuwa sukari iliyosukumwa na ruzuku ilishusha bei katika soko la dunia ambamo nchi maskini nazo zilikuwa zikiuza. Ilichukua muda mrefu hadi mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, uliofanyika Nairobi Desemba 2015, ulipoafikiana kuiondoa ruzuku ya kuuzia mazao nje.

Hapana budi kulisisitiza jambo moja hapa, maana ndilo kiini cha mazungumzo haya. Watu waliotajwa hawakushtakiwa kwa wizi. Malkia hakuvunja sheria kwa kupokea, wala kampuni ya sukari. Walipewa kwa mujibu wa sheria, kwa fomu zilizojazwa sawasawa, na mkaguzi wa hesabu aliyezipitia fomu hizo angeweka tiki na kuendelea na safari yake. Mkaguzi huuliza kama sheria imefuatwa. Mwananchi aliyeiona orodha ya majina huuliza swali lililo kubwa zaidi, yaani kama sheria yenyewe ni ya haki. Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu aliyeonyeshwa jumla peke yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba ukaguzi unatosha na majina hayana haja, wamekosea. Ukaguzi humkamata mwizi. Orodha huwawezesha wananchi kuiona sheria inayompa aliyeshiba na kumpita mwenye njaa, wakaidai ibadilishwe.

Baada ya kelele hizo, Umoja wa Ulaya ulikubali. Kwa kanuni za mwaka 2007 na 2008, nchi zote wanachama zilitakiwa kuchapisha majina ya wapokeaji na kiasi walicholipwa, na siku ya mwisho ikawekwa tarehe 30 Aprili 2009. Ujerumani ilisitasita, na jimbo la Bavaria likawa la mwisho kukubali, baada ya kutishiwa hatua za kisheria.

Mambo hayakuishia hapo. Wakulima wa jimbo la Hessen, Ujerumani, walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba majina yao, mahali wanapokaa na mapato yao yameanikwa mbele ya dunia nzima. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya mjini Luxembourg iliamua kwamba kanuni hizo zilivuka mpaka kuhusu watu binafsi. Mahakama haikukataa kwamba umma una haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Ilichokataa ni kuwatia watu wote katika kapu moja, bila kutenganisha aliyepokea kidogo na aliyepokea kingi, wala aliyepokea mara moja na anayepokea kila mwaka. Majina ya makampuni yaliendelea kuchapishwa. Majina ya watu binafsi yakaondolewa.

Uamuzi huo haufai kubezwa. Mkulima mdogo naye ana heshima yake, na umaskini wa mtu haugeuki kuwa tamasha kwa sababu amesaidiwa na Serikali. Lakini matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Mwavuli uliofunguliwa kwa ajili ya mkulima mdogo ulimkinga na mwenye maelfu ya ekari, mradi tu alikuwa amejiandikisha kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la kampuni. Mara nyingi hutokea hivyo. Wakubwa wanapotaka kujificha, hupenda kujificha nyuma ya wadogo.

Mwaka 2013 Ulaya ilipata njia ya katikati. Kanuni mpya zilirudisha majina, lakini zikaweka kiwango cha chini. Anayepokea kiasi kidogo kwa mwaka, kisichozidi Euro 1,250 au chini ya hapo kufuatana na nchi, hatajwi kwa jina. Anayezidi kiwango hicho hutajwa jina, eneo, kiasi, na sababu ya malipo. Orodha hutolewa kila mwaka kabla ya Mei kwisha, na hubaki wazi kwa miaka miwili. Kwa njia hiyo mdogo amelindiwa heshima yake, na mkubwa hana tena mahali pa kujificha.

Je, basi, kazi imekwisha? Haijaisha, na ni vizuri kusema ukweli huo ili mtu asidhani kwamba orodha ni dawa ya kila ugonjwa.

Kwanza, jina la kampuni laweza kuwa kinyago. Katika Jamhuri ya Czech, Andrej Babiš alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2017 hadi 2021, huku kundi la makampuni ya kilimo aliloliunda likipokea mamilioni ya Euro za ruzuku. Wakaguzi wa Umoja wa Ulaya waliona kwamba, ingawa makampuni hayo alikuwa ameyaweka chini ya wadhamini, bado palikuwa na mgongano kati ya cheo chake na faida yake. Orodha iliyoandika jina la kampuni peke yake isingeweza kulisema hilo.

Pili, yuko anayelifungua daftari kwa gharama ya maisha yake. Februari 2018, nchini Slovakia, mwandishi wa habari Ján Kuciak, kijana wa miaka 27, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mchumba wake, Martina Kušnírová. Habari ya mwisho aliyokuwa akiiandika, ambayo wenzake waliichapisha baada ya kifo chake, ilihusu wafanyabiashara wenye uhusiano na genge la wahalifu la Italia waliokuwa wakijipatia ruzuku ya kilimo mashariki mwa nchi hiyo. Upelelezi uliyahusisha mauaji hayo na habari nyingine alizokuwa ameandika, na mtu aliyefyatua risasi akahukumiwa kifungo mwaka 2020. Lakini wananchi walikuwa wamekwisha kuelewa. Walijaa mabarabarani, na Machi 2018 Waziri Mkuu wa nchi hiyo akajiuzulu. Nchi ambayo kusoma hesabu za umma kunahitaji ushujaa ina kasoro kubwa. Karani wa kawaida na mkulima wa kawaida wanapaswa kuweza kuzisoma hesabu hizo mchana, bila hofu.

Tatu, daftari laweza kuwa wazi na bado likajaa uongo. Mwaka 2025 Ugiriki ilitikiswa na kashfa ya ruzuku ya malisho. Watu walikuwa wamedai malipo kwa ardhi isiyokuwa yao na kwa mifugo isiyokuwapo. Juni mwaka huo Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya iliitoza nchi hiyo faini ya Euro milioni 392 kwa uzembe wa usimamizi, na waziri mmoja pamoja na manaibu waziri kadhaa wakajiuzulu. Ofisi ya malipo mjini Athens ilikuwa na kompyuta na ramani. Lakini kuna mtu aliyekuwa na elimu kuliko kompyuta hizo, naye ni jirani. Jirani anajua kwamba fulani hana kondoo hata mmoja. Hakuulizwa.

Ndugu wanaushirika, jirani huyo ndiye anayeturudisha nyumbani Tanzania, kwa kuwa Tanzania ilijaribu kumuuliza.

Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga, kwa fedha zake na kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vocha zilimwezesha mkulima kupata mbolea na mbegu bora za ekari moja kwa karibu nusu ya bei, naye akalipa nusu iliyobaki. Hapa fedha haikufuata ekari kama Ulaya. Mwenye ekari moja na mwenye ekari mbili walipimiwa kibaba kimoja, na mwenye shamba kubwa hakutakiwa kuwamo kabisa. Huo ulikuwa uamuzi wa haki. Ila kadiri mpango unavyochagua watu, ndivyo unavyotegemea uaminifu wa anayeandika majina.

Kazi ya kuandika majina ilikabidhiwa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ulitakiwa kuchagua kamati ya vocha ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na orodha ya kamati hiyo ilitakiwa kuthibitishwa na mkutano mkuu. Utaratibu huo, kama ulivyoandikwa, ulikuwa mzuri kuliko wa nchi nyingi tajiri. Luxembourg walibishana mahakamani kama majina yatajwe. Hapa majina yalitakiwa kusomwa chini ya mwembe, mbele ya watu wanaomjua kila mmoja na shamba lake.

Lakini utaratibu hauna miguu, hutembezwa na watu. Uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro juu ya vocha za mwaka 2008, na kuchapishwa na wataalamu wawili mwaka 2012, ulikuta kwamba kama asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa kaya zenye viongozi wa kijiji ndani yake. Inafaa namba hiyo itafakariwe taratibu. Katika kila vocha kumi, sita ziliingia nyumba za viongozi, na wanakijiji wengine wote wakagawana nne.

Yawezekana baadhi ya viongozi hao walikuwa wakulima wadogo waliostahili. Kiongozi wa kijiji hali mshahara mnono, na jembe lake ni lile lile la mwenzake. Lakini swali linabaki. Mjane ambaye jina lake halikuandikwa alijua kwamba nani ameandikwa? Kama alijua, alikuwa na mahali pa kusema? Na kama alisema, palikuwa na siku zilizobaki za kurekebisha, au mvua ilikuwa imekwisha kunyesha? Mbolea ya kupandia ikichelewa haina kazi. Mjane atavuna magunia manne mahali pa kumi, na mwakani atakuwa kibarua katika shamba la yule aliyechukua nafasi yake. Hiyo ndiyo bei ya daftari lililofungwa, na hulipwa na asiye na kitu.

Palikuwa na udhaifu mwingine uliolalamikiwa sana. Mkulima maskini aliyepata vocha lakini hana nusu yake ya fedha alishawishika kuiuza kwa bei ya kutupa. Mahali pengine wakulima walitia saini kwamba wamepokea mbolea wasiyoiona kwa macho, na vocha ikaenda benki kulipwa. Kwenye karatasi mkulima alikuwa amesaidiwa. Wanakijiji wangaliyasikia majina ya wapokeaji yakisomwa mwisho wa msimu, pamoja na mifuko ambayo kila mmoja anasemekana kuichukua, udanganyifu huo usingelimaliza hata dakika kumi.

Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, hasa baada ya vita kuanza Ukraine, Serikali ilirudi kwenye ruzuku. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku, na mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP, uliokuwa umepita shilingi 120,000, ukawa shilingi 70,000. Safari hii wakulima waliandikishwa katika daftari la kompyuta, kila mmoja kwa namba yake. Hayo ni maendeleo, maana kompyuta humkumbuka aliyechukua mara mbili. Lakini somo la Ugiriki lisisahauliwe. Kompyuta huamini inachoambiwa. Ikiambiwa kwamba fulani ana ekari 20, itampimia mbolea ya ekari 20, na haitacheka. Wanakijiji wangalicheka.

Wapo watakaopinga kusoma majina, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Wa kwanza atasema kwamba kusoma majina huleta husuda na ugomvi. Kweli, penye wengi pana mengi. Lakini husuda hukua zaidi gizani. Watu wasioijua orodha huitunga wenyewe, na orodha inayotungwa vilabuni huwa mbaya kuliko ile ya kweli. Kiongozi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi kwa siri, kwa kuwa huhesabiwa pamoja na wezi.

Wa pili atasema kwamba sheria inalinda habari za mtu binafsi. Ni kweli, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama ilivyo pia na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hizi mbili hazigombani. Moja ni mlango na nyingine ni pazia, na nyumba njema huwa na vyote viwili. Namba ya simu ya mkulima, namba ya kitambulisho chake na habari za afya yake hazimhusu mtu mwingine. Jina lake, ekari alizoandikisha na mifuko aliyopewa kwa fedha ya umma vinawahusu wote waliochangia. Tena inafaa wakubwa, yaani wenye mashamba makubwa, mawakala na makampuni yanayolipwa na Hazina kwa ajili ya mbolea hiyo, wawe wa kwanza kutajwa, kwa kuwa fedha iliyo nyingi hupitia mikononi mwao. Itakuwa aibu kumsoma hadharani mkulima wa mifuko miwili na kumnyamazia wakala wa mifuko 10,000.

Wa tatu atasema kwamba kazi hiyo ni ya gharama. Lakini ubao wa matangazo upo katika ofisi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu, na karatasi haishindi bei ya mbolea inayopotea.

Basi, Ndugu viongozi wa vijiji, mambo ya kufanya ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa kijiji. Orodha ya walioandikishwa ibandikwe kabla ya mbolea kufika, pamoja na ekari za kila mmoja, na muda wa kutosha utolewe wa kupokea malalamiko. Majina ya viongozi na jamaa zao yasomwe kwanza, kwa sauti, ili wananchi waseme kama wanastahili. Orodha ya pili, ya waliopokea kwa kweli, isomwe mwisho wa msimu, na kila mmoja aseme kama mifuko iliyoandikwa ndiyo aliyobeba. Mawakala waliouza mbolea hiyo watajwe, na kiasi walicholipwa. Malalamiko yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na majibu yake yasomwe katika mkutano unaofuata.

Kijiji kitakachofanya hivyo hakitahitaji kungoja mkaguzi kutoka Dodoma, wala mtaalamu wa kuja kuhesabu vocha miaka minne baadaye. Kitakuwa kimejikagua chenyewe, msimu ukiwa bado mchanga, wakati mjane aliyesahauliwa bado anaweza kuingizwa katika orodha na mbegu yake kuwahi mvua.

Ndugu Mwenyekiti, mvua za kupandia haziko mbali. Kila kiongozi aliyemo katika ukumbi huu atarudi kijijini kwake akiwa na daftari mkononi au akijua limewekwa wapi. Inaombwa kwamba asilifungie kabatini. Na alifungue kwanza kwenye ukurasa wenye jina lake mwenyewe.